Nilipobaki na Kiha Peke Yake

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, mliokaa ndani na mliosimama huko nje madirishani. Mchungaji ameniomba niseme kidogo. Kidogo changu mimi huchukua muda, kwa hiyo akina mama wenye watoto wachanga msione aibu kutoka. Na mkiona nimenyamaza katikati ya maneno, msinimalizie. Najua mnafanya hivyo kwa upendo. Ila neno langu likiwa njiani, halafu mtu akanipa la kwake, langu linageuza linarudi lilikotoka. Nisubirini tu.

Sitataja jina la mtu leo. Wanaojijua humu ndani wakae kwa amani.

Nilizaliwa upande wa Kibondo, kwenye vilima vile ambavyo asubuhi huwezi kuiona migomba ya jirani kwa sababu ya ukungu. Nyumbani tulisema Kiha. Kiswahili nilikikuta shuleni, Kiingereza nikakikuta mbele zaidi, na kwa lugha hizo mbili nikaenda mbali. Nilisoma, nikafundisha, mwishowe nikawa mkuu wa chuo cha elimu ya juu, mbali kabisa na mkoa huu. Nilikaa kwenye kiti hicho miaka mingi. Kazi ya mkuu wa chuo, ndugu zangu, ni kusema. Unasema na walimu waliogombana, unasema na wanafunzi waliogoma kula, unasema na wakubwa wa wizara wasiotaka kukusikia. Nilikuwa na sifa hiyo. Watu walikuwa wakisema, huyu ukimpa dakika mbili amekwisha kukugeuza.

Huko huko nikaoa mwalimu mwenzangu, binti wa Upareni. Yupo hapa, amekaa mstari wa mbele, na ameshaniambia nisimtazame nikifika sehemu yake. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, sisi na watoto wetu, ambao baadaye walikwenda shule za bweni. Yeye Kiha hakukijua zaidi ya salamu, na sikuona haja ya kumfundisha. Kwa nini nimfundishe? Wote tulikuwa watu wa Kiswahili.

Basi, wazee kutoka huku wakanifuata chuoni. Walisafiri kwa basi na garimoshi wakiwa na shuka zao mabegani. Wakaniambia, "Kijana wetu, umewasomesha watoto wa watu wengine vya kutosha. Rudi utusemee." Nikaacha chuo, nikagombea ubunge, nikashinda. Miaka yangu mitano ilikuwa miaka ile mnayoijua, ya watu kuhamia vijiji vipya, malori yanapakia vitanda na kuku, watu wanaanza upya mahali pasipo na mti wa kujisitiri. Sikukosa la kusema. Nilisema kule bungeni, nikasema huku vijijini. Nilipoulizwa maji, nilieleza habari ya maji. Nilipoulizwa shule, nilieleza habari ya shule. Nilidhani hiyo sauti ni mali yangu, kama mguu.

Uchaguzi wa sabini na tano ulipokaribia, jina langu likapitishwa tena. Mtu wa pili aliyepitishwa kushindana nami alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Mimi nilipewa alama ya jembe, yeye nyumba.

Siku moja asubuhi, hapa hapa Kasulu, nilikuwa nanawa uso uani. Kata ya maji ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Nikataka kumwita mke wangu. Nikamwita, akatoka, akasimama mlangoni ananitazama. Nikamwambia mkono wangu umekufa. Akasema, "Unasemaje?" Nikarudia. Akasema, "Mbona unanisemesha Kiha?"

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikujua. Mimi nilidhani nasema Kiswahili. Ndipo nikajisikiliza mwenyewe, na ilikuwa kweli, mdomo wangu ulikuwa unatoa Kiha kitupu, Kiha cha mama yangu, cha utotoni. Nilikitafuta Kiswahili nikakuta pale kilipokaa pako wazi. Kiingereza hivyo hivyo. Lakini masikio yalikuwa mazima. Alipoanza kulia na kuita majirani, nilielewa kila neno alilolisema. Kumjibu ndiko kulikonishinda.

Nilipelekwa hospitali ya misheni. Daktari akasema ni kiharusi, kimeshika upande wa kulia na kimegusa mahali pa maneno. Alisema kuna watu hurudiwa na maneno na wengine hawarudiwi, nibaki pale nifanyishwe mazoezi. Nilibaki muda mfupi tu. Kaka yangu akaja kunichukua.

Hapa niseme taratibu, maana kaka yangu nampenda. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee. Kampeni yangu aliibeba yeye. Kwake yeye, kiti kile kilikuwa cha nyumba nzima, cha kilima kizima. Akanileta kwake, akaniweka chumba cha nyuma, akawaambia watu, "Ndugu mbunge ana malaria kali." Watu wa nyumba ile walikuwa watu wake, shemeji zangu na watoto wao, na hakuna aliyethubutu kusema zaidi ya alichosema yeye.

Mke wangu alikuwa akija kukaa nami. Alinilisha, akaninyoosha mkono kama alivyoona hospitalini. Akinisemesha, namwelewa. Nikimjibu, haelewi. Nikajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, yakatoka makwaruzo tu, hata jina langu sikuliweza. Ikawa mimi na mke wangu kuzungumza ni lazima kaka awe katikati.

Siku moja mke wangu akamwambia kaka, "Shemeji, muulize kama anataka kuendelea na uchaguzi huu."

Kaka akaniuliza kwa Kiha, na aliuliza sawasawa, sikumsikia akipunguza neno. Nikamjibu: sitaki. Mwambie mke wangu sitaki, mwambie anirudishe hospitali, nataka kupona. Nilisema kwa utulivu kabisa.

Kaka akageuka kwa mke wangu. Akasema, "Anasema tusiwaangushe watu waliomwamini."

Nilisikia. Niko pale kitandani, nimesikia Kiswahili chote, kila herufi. Nikasema, "Oya. Oya."

Mke wangu neno hilo alilijua. Akasema, "Mbona anasema hapana?"

Kaka akasema, "Anasema hapana, hawezi kuwaangusha."

Nikatikisa kichwa. Nikapiga kitanda kwa mkono wangu mzima. Kaka akamshika bega mke wangu taratibu, akamwambia, "Twende nje, shemeji. Maswali yanamchosha. Daktari alisema asisumbuliwe." Mlango ukafungwa.

Nimewahi kukwama njiani msimu wa mvua, gari limezama hadi mlangoni. Nimewahi kukaa hospitali na wagonjwa wa kipindupindu. Sijawahi kufungiwa kama nilivyofungiwa siku ile, na mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Nilikuwa namsikia mke wangu anatembea uani, anamwambia shemeji yake, "Afadhali tumejua anachotaka." Nilimwita kwa Kiha. Akaitikia, "Nakuja." Akaja, akanipa maji ya kunywa.

Siku zile zote zilikuwa hivyo. Asubuhi nasikia kuku, nasikia watoto wanapita kwenda shule, nasikia kaka anapokea wageni barazani anawaambia hali yangu ni nzuri. Jioni anaingia, anakaa ukingoni mwa kitanda, anazungumza nami kwa upole juu ya kura za kijiji fulani. Nikimwambia niache, ananiambia, "Ugonjwa ndio unaosema hivyo. Wewe nakujua." Mtu akikuambia hivyo, utamjibu nini? Kila nilichosema kilikuwa ugonjwa. Hata nilipomwomba Mungu, niliomba kwa Kiha, nikajiuliza kama hata hilo kaka atalitafsiri.

Wakati ule wagombea wote wawili walikuwa wakisafiri pamoja, kwenye gari moja na wasimamizi wa chama, wanasimama jukwaa moja, kila mmoja anasema kwa zamu. Mikutano ya kwanza kaka aliwaambia wasimamizi ninaumwa, wakakubali. Ukabaki mkutano mkubwa wa Rungwe Mpya. Wasimamizi wakasema mgombea lazima aonekane mwenyewe, asipoonekana wapeleke taarifa juu.

Na kulikuwa na sheria nyingine, wakubwa mnaikumbuka. Kampeni ni kwa Kiswahili tu. Mgombea kusema lugha ya kabila jukwaani ilikuwa marufuku, kwa sababu ilikuwa kuwagawa watu. Sheria hiyo niliipenda. Niliitetea chuoni, nikaitetea bungeni. Sasa angalieni nilivyokaa: mgombea asiye na neno hata moja la lugha aliyoruhusiwa kusema.

Kaka yangu akagundua kitu. Alinisikia nikiimba wimbo wa kanisani, nikifuatisha watoto waliokuwa wakiimba uani, na maneno ya Kiswahili yakawa yanatoka ndani ya wimbo, mazima. Daktari alinieleza baadaye kwamba hutokea, mambo ya kukariri hukaa chumba kingine. Basi kaka akajaribu, akanyanyua ngumi akasema, "Uhuru." Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Na kazi." Macho yake yakajaa machozi. Akaniambia, "Umepona. Utasema Uhuru, wao wataitikia, utapunga mkono, utakaa. Mengine nitasema mimi."

Nilipelekwa Rungwe Mpya nimevaa suti ya kiserikali niliyoshonewa nikiwa mnene. Mkono wa kulia kaka aliuingiza mfukoni ili usionekane ukining'inia. Watu walikuwa wengi, wamekaa chini kwenye uwanja mwekundu, nyumba mpya zimejipanga nyuma yao. Mke wangu alikaa na wanawake mbele. Karibu yake alikaa mama mmoja mkimbizi, aliyevukia Manyovu mwaka wa sabini na mbili akiwa na watoto na sufuria moja, akapewa shamba pale kijijini. Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwa nguvu zake mwenyewe.

Wakaniita. Kaka akanisindikiza hadi mbele. Nikasema, "Uhuru." Watu wakaitikia kwa kishindo. Kaka akanigusa kiwiko, maana yake kaa.

Kabla sijakaa, mama mwingine akasimama. Si mama mkorofi, alizungumza kwa adabu zote. Akasema, "Ndugu mbunge, tunafurahi kukuona umesimama. Sisi tulihamia hapa tukaambiwa bomba linakuja. Tunachota bondeni bado, na watoto wanaumwa matumbo. Tuambie ukweli tu, bomba lipo au halipo?"

Kaka akafungua mdomo. Msimamizi akamzuia kwa mkono, akasema, "Ameulizwa mgombea, ajibu mgombea."

Nilimtazama yule mama. Jibu nilikuwa nalo. Nilijua bomba lilipokwama na nani alilikwamisha. Nikasubiri Kiswahili, nikasubiri, nikaona kaka anachezesha midomo kama anayetaka kunikopesha yake. Basi nikamjibu kwa kile nilichokuwa nacho. Nikasema, "Mama, ndarwaye." Maana yake, mimi ni mgonjwa. Nikaendelea kwa Kiha. Nikamwambia habari ya bomba, kwamba halitakuja mwaka ule wala mwaka uliofuata, wachimbe visima wasingoje. Nikasema kiharusi kimenichukulia Kiswahili chote. Nikasema msinipe kura, mtu anayewasemea lazima awe na mdomo. Nikasema nataka kurudi nyumbani, na hilo nimelisema siku nyingi bila mtu kulifikisha.

Msimamizi, ambaye alitoka mkoa mwingine, alikuwa amesimama. "Kiswahili, ndugu mgombea. Sheria unaijua." Sikunyamaza. Akawageukia watu. "Anasema nini?"

Watu wote pale walinielewa, hakuna aliyejibu. Waliogopa kumharibia mtu wao. Waliinamisha vichwa, wengine wakafunika midomo kwa kanga. Mke wangu akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, akauliza, "Jamani, mume wangu anasema nini?"

Yule mama mkimbizi hakuwa na kura. Hakuwa mtu wa jembe wala mtu wa nyumba. Akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia jirani kwamba mvua inakuja, "Anasema anaumwa, mama. Anasema hataki uchaguzi. Anaomba umpeleke nyumbani, na anasema ameshaomba sana."

Mke wangu akainuka, akapanda jukwaani amemshika yule mama mkono. Akasimama mbele yangu. Hakumtazama kaka. Akasema, "Muulize tena, nisikie mwenyewe. Anataka kwenda nyumbani?"

Akaniuliza. Nikasema, "Ego."

"Anasema ndiyo."

"Nimesikia," akasema mke wangu. Akautoa mkono wangu mfukoni, akaushika, tukashuka.

Ndugu zangu, kura nilishindwa, tena vibaya. Jina langu halikuweza kufutwa, likabaki kwenye karatasi pamoja na jembe langu. Yule mwanafunzi wangu alishinda. Alikuja kunitembelea kabla hajaenda kuapishwa, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mwalimu, nifanye nini kwanza?" Nikamwambia kwa Kiha, maji. Amazi. Akacheka, akasema, "Nimeelewa, Mwalimu." Bila kuficha, usiku ule nililala usingizi mzuri kuliko nilivyolala siku nilipochaguliwa.

Baada ya kurudi hospitalini kwa muda, tulihamia Kibondo, kwenye kijiji cha kwetu. Mke wangu akaomba uhamisho wa shule. Akamwomba yule mama mkimbizi awe anakuja kukaa nasi kila baada ya mavuno, amfundishe Kiha, akaniambia, "Kuanzia sasa, kati yangu na wewe hakai mtu." Kiha chake mnakijua. Mkipenda atawasalimu mkamcheke wenyewe.

Mimi nikaanza kisomo. Mnaukumbuka mpango wa elimu ya watu wazima, kila kijiji kilikuwa na darasa mchana baada ya kazi za shamba. Mke wangu alifundisha darasa la kwetu. Siku ya kwanza nilipoingia nikaketi kwenye benchi la matofali, wazee wakageuka kunitazama. Mmoja akaniuliza kwa Kiha, "Ndugu mbunge, umetumwa kutukagua?" Nikamwambia nimekuja kusoma. Akawaza, akasema, "Basi sogea, unaziba ubao."

Tukasoma. Ba, be, bi, bo, bu. Mimi niliyewatunuku watu shahada nilikuwa nasema "ba" na inatoka "pa", na mzee wa pembeni ananisahihisha, halafu yeye naye anakosea, nami namsahihisha kichwani bila kuweza kumwambia. Nilikasirika mara nyingi. Mara moja nilitupa kibao cha kuandikia kikavunjika, na mke wangu akanitoa nje ya darasa kama mtoto, mbele ya wote. Nilikaa chini ya ukuta nikiwasikiliza wenzangu wanaendelea. Kesho yake nikarudi, maana pa kwenda pengine hapakuwepo.

Nyumbani alitumia nyimbo. Tunaimba wimbo pamoja, halafu katikati ananiachia neno moja nilitoe peke yangu. Mara linatoka, mara halitoki. Miezi ikapita hivyo. Kisha mchana mmoja tunakula ugali wa muhogo na maharage. Alikuwa amesahau kitu. Nikaonja, nikasema, "Chumvi."

Hakukuwa na wimbo, hakuna aliyeniuliza. Neno lilikuja lenyewe nilipolihitaji. Mke wangu akaweka tonge chini. Akaenda jikoni kuleta chumvi. Alichelewa sana kurudi.

Baada ya hapo yalikuja moja moja, bila mpangilio. "Ufunguo" lilikuja kabla ya "mlango." Jina la mtoto wangu wa pili lilichelewa kuliko la mbwa. Kiingereza hakijarudi mpaka leo, nami nimeacha kukingoja.

Kaka yangu alikuja wakati wa mvua, amelowa, amevua viatu barazani. Tukakaa tunatazama mvua. Mwishowe akasema, "Nilidhani ukishinda utapona." Nikamtazama, nikaona amezeeka. Kwake vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja tangu siku alipoacha shule kwa ajili yangu. Nikamwambia kwa Kiswahili, ili asikie kwamba kipo, "Kaka, kaa tule." Alikula. Sasa huja kila mara, na akiwa kwetu mke wangu humwambia, "Shemeji, leo nitasema mwenyewe," wanacheka wote wawili.

Wanakijiji wenzangu walinichagua mwenyekiti wao. Nilikataa, nikasema nasema polepole. Yule mzee wa benchi akasema, "Ndiyo vizuri, tutapata nafasi na sisi." Kwa hiyo siasa sijaiacha. Mikutano yetu ni mirefu. Visima tumechimba viwili.

Nimshukuru Mungu, aliyenisikia kwa lugha niliyokuwa nayo. Namshukuru daktari wa misheni na wauguzi wake. Nawashukuru wenzangu wa kisomo walionisogezea benchi. Namshukuru yule mama aliyevuka mpaka na sufuria moja, akawa mtu pekee uwanja mzima aliyetamka nilichosema. Mke wangu nimeahidi sitamtazama. Namshukuru bila kumtazama.

Ninalotaka mchukue ni hili. Mgonjwa wenu akinyamaza, au akisema msichokielewa, msikubali kusimuliwa habari zake na mtu mmoja, hata kama mtu huyo anampenda. Ulizeni tena. Ulizeni kwa mdomo mwingine. Mkae naye mpaka mjue "ndiyo" yake na "hapana" yake ninyi wenyewe.

Pale hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, yuko baba mmoja amepatwa na kilichonipata. Nilimwona jana. Jamaa zake walisimama miguuni pake wakimzungumzia, na yeye anawatazama. Nakwenda huko tukitoka hapa. Anayetaka tufuatane aje. Lakini tukifika, ndugu zangu, tukae upande wa kichwa chake, na tuzungumze naye yeye.